Mwosha na Riwaya ya Kutisha

Lali, mwana wa kaka yangu, kaniletea kitabu
toka Mombasa, ndani ya mfuko wa tende.
"Nti yafa humo, shangazi. Usisome usiku."
Mimi nisisome usiku! Usiku ndio saa yangu.
Miaka ishirini na tisa nabishiwa hodi saa nane,
mtu ataja jina tu, nami nachukua kanga na mkoba.

Riwaya za namna hii sikuzijua.
Nazijua zenye harusi mwishoni,
na zile za mke mwenza na limbwata.
Kiyama nacho nakijua, nilisomeshwa chuoni Langoni,
bakora ya mwalimu ikinitazama gotini:
jua kuchomoza magharibi, milima kuwa sufi.
Hiki si kile. Humu hakuna parapanda.
Mtu kakohoa sokoni, ukurasa wa tisa;
ukurasa wa arubaini mji umenyamaza.

Stima ikakatika Mkomani yote. Nikawasha kandili.
Nikaendelea.

Lali alisema nitaogopa meno.
Meno nimeyaona.
Nimefunga taya za watu kwa utepe wa bafta,
wengine wakinidai, wengine nikiwadai.
Kilichonitoa jasho ni barabara ile, ukurasa wa hamsini na mbili:
maiti wamelala kama nguo zilizoanguka kambani,
na wapitao wanawaruka.
Wanawaruka! Mmoja kamvua mfu kiatu,
kakijaribu, kimembana, kakitupa.
Nikaanza kuhesabu, mazoea hayana dawa:
wanawake kumi na wanne, vipande vitano vitano,
wanaume tisa, vitatu vitatu,
yule mtoto wa kibanda cha tiketi, kimoja kinamtosha.
Tisini na vinane. Jora ngapi hizo?
Karafuu maiti ratili ngapi?
Mkunazi wa nyuma ya msikiti tungeuchuma hadi ubaki kijiti.

Kisha wafu wakaamka.
Nikalaza kitabu kifuani, nikacheka peke yangu,
punda wa jirani akaitikia.
Kwani wasiamke kwa nini?
Hakuna aliyewafumba macho.
Hakuna aliyewaambia, taratibu, kama niwaambiavyo wangu:
geuka kidogo, mama, nikumwagie na huku.
Asiyeagwa atatulia vipi?
Atazunguka, atagonga milango, atauma,
ilimradi apate wa kumshika mkono.
Mwandishi hakuyajua haya.
Au aliyajua, akaninyamazia.

Saa tisa. Dirisha la ng'ambo ya kichochoro,
Bi Shufaa akakohoa.
Nikangoja. Akakohoa tena.
Nikamwita, sauti yangu mwenyewe siitambui.
"Ni karanga," akajibu. "Lala, mwanamke we."

Kufikia mia tatu na kumi dunia nzima ina mtu mmoja.
Mwanamke wa makamo yangu, goti bovu kama langu,
kakaa kwenye ngazi za hospitali
anakula njegere za kopo kwa kidole.
Jina lake halikai ulimini mwangu.
Waliotangulia kawafukia mwenyewe, kwa sepetu.
Tunasema, mwosha huoshwa.
Nimeisema katika nyumba mia na zaidi
nikikunja mikono ya nguo,
na siku zote hizo sikuwahi kuona
kwamba methali ile inahitaji watu wawili.
Hapo ndipo baridi iliponishika,
miguuni kwanza, kama inavyoanza.

Alfajiri Lali kaja na mahamri ya moto.
Kitabu ki kidakani, karibu na chetezo,
ndani yake kipande cha bafta, alama ya nilipofika.
Zimesalia kurasa tatu.
"Umemaliza, shangazi?"
Nikamuuliza dada yake yu wapi,
yule Swabra akimbiaye chumba cha kuoshea;
aje Ijumaa, nimwonyeshe kata inavyoshikwa.
"Kitabu," akasema. "Nakuuliza kitabu."
"Bado mmoja," nikamwambia.